Mtoto Aliyeitwa Mbeju

Mjukuu wangu wa kiume mimi namwita mume wangu. Kwetu hilo halina ajabu, bibi na mjukuu ni watani, na yule mume wangu wa kwanza nilishamzika zamani, Mungu amrehemu, kwa hiyo huyu wa pili nimempata bila mahari. Ni askari wa zimamoto, yuko Ruangwa. Anavaa kofia ngumu na buti ambazo ukizivaa wewe huvuki kizingiti.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, alikuja kwangu Naipingo na begi moja akasema kapewa likizo ya mwezi mzima. Nikamwambia, "Mume wangu, leo umenikumbuka!" Hakucheka. Huyu tangu ana meno mawili nikimwita hivyo hucheka mpaka anatema ugali. Nikajua ile habari ya moto imemkaa moyoni.

Habari yenyewe ni hii. Kule Matambarale kuna mtu alichoma mabua shambani kwake mchana wa upepo. Moto ukatembea, ukafika kwenye nyumba ya nyasi ya bibi mmoja wa Kiyao, mzee kama mimi, mwenye nyonga mbovu. Gari la zimamoto likafika limeshachelewa, maana barabara ile hata baiskeli inaisikitikia. Mjukuu wangu akaingia. Akatoka amekumbatia kitu kimefungwa kwenye khanga, anakimbia nacho kama mtu aliyebeba mtoto. Akakilaza chini, akarudi mbio, na paa likaanguka wakati yuko mlangoni. Wenzake walimvuta kwa mkanda. Yule bibi hakutoka. Na kile kilichofungwa kwenye khanga, watu walipofungua, kilikuwa kiroba cha mbegu za mahindi na mbaazi, zimechanganywa na majivu zisitobolewe na wadudu.

Basi. Askari mzima kaingia kwenye moto, kaacha mtu, katoa kiroba. Hakuna aliyemwambia hivyo usoni, lakini yeye alikuwa anajiambia kutwa mara tano, kama dozi ya hospitali.

Nisije nikasahau barua. Kwenye lile begi kulikuwa na barua, na mimi niliisoma. Najua si adabu. Nimesoma mpaka darasa la pili, nikaongezewa na ile elimu ya watu wazima, kwa hiyo barua ya ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima, na asubuhi nzima huwezi kusema ulikuwa unapita tu. Ilisema anaomba kuacha kazi kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wake. Tarehe aliyoiweka ilikuwa Jumatatu ya kurudi kazini. Mtoto huyu alikulia Mbagala kwa mama yake, ametafuta kazi hii miaka mitatu, siku aliyovaa sare kwa mara ya kwanza alinitumia picha, nikazunguka nayo Nachingwea yote mpaka simu ikazima. Na kama angeiacha kazi kwa ile aibu, asingeiacha aibu. Angerudi nayo Mbagala.

Nikajisemea, huyu anahitaji utulivu. Nikapiga marufuku neno moto nyumbani kwangu.

Ucheke tu, na mimi nacheka sasa. Lakini jaribu wewe kukaa siku moja bila neno hilo. Maji ya moto tukayaita maji ya kuoga yale. Chai ikawa ina homa. Mjukuu wangu mwingine, binti wa shule, alisema pilipili ya dukani ni ya moto, nikamfinya paja. Jikoni kwangu sikuwasha kitu. Nilipika kwa jirani nyuma ya mikorosho, nikarudi na bakuli nimelifunika, na likifika limepoa, basi mume wangu akala ugali wa baridi mwezi karibu wote, wala hakuuliza. Kuna mama mmoja Msukuma, wamekuja na ng'ombe wao miaka ya karibuni, hutuletea maziwa. Siku moja akasimama uani akasema kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe, "Bibi, naomba moto!" Tukatazamana kama katutukana. Nikamwambia, "Huo tumeishiwa." Akaangalia kuni, akaangalia kibiriti kiko dirishani, akaniangalia mimi. Kesho yake akaniletea uji, nadhani alifikiri nimechanganyikiwa.

Na mume wangu naye alikuwa na lake. Alijaza maji. Alfajiri anakwenda bombani na ndoo mbili, anajaza pipa, anajaza mitungi, anajaza sufuria, anajaza beseni la kufulia, mpaka chombo cha kuku. Siku moja nilikuta kikombe changu cha kwenda nacho kwenye sherehe za parokia kimejaa maji mpaka ukingoni. Kwenye nyumba ile kilichokuwa kikavu ni kijiko cha chumvi peke yake. Nilikuwa nanywa, naoga, namwagilia michicha, bado yanabaki.

Wenzake wa kituoni walipiga simu, akaiacha ilie. Kabla ya kuja kwangu walishampeleka hospitali kwa dada mmoja wa ushauri, mtu wa kusikiliza watu. Nikamwuliza, "Mkaongea nini?" Akasema, "Aliniuliza nikoje, nikamwambia niko poa." Mtu kapanda gari, kasafiri, kapanga foleni, kafika mbele ya mtu aliyesomea kusikiliza, kamwambia niko poa!

Lakini mimi pia sikuwa bora. Mimi nilidhani huruma ni kama salfa ya mikorosho, kwamba ukipuliza nyingi ndiyo dawa. Nikapuliza mpaka mti ukachoka.

Sasa lazima niseme jambo la utani, bila hilo haya yanayofuata hutayaelewa, hasa kama umezaliwa huko kwenye majengo ya ghorofa. Sisi ukoo wetu na ukoo wa yule bibi wa Matambarale ni watani. Sisi Wamwera wa kanisani, wao Wayao wa msikitini, na utani ulianza kabla mimi sijazaliwa. Wengine wanasema tulipigana, wengine wanasema tuliokoana na njaa, sababu haijulikani lakini kazi inajulikana. Wakifiwa wao, sisi ndio tunachimba, tunatukana wafiwa, tunachukua kuku bila kuomba, na siku ya arobaini mtani mmoja anavaa nguo za marehemu anamwigiza alivyokuwa, anavyotembea, anavyogombana, mpaka wenye msiba wacheke wapende wasipende. Na wao kwetu vilevile. Mtani hakasirikiwi. Mtani asipokuja msibani, huyo ndiye anayekasirikiwa.

Na mume wangu hakwenda. Maziko nilikwenda mimi peke yangu. Nilipoulizwa yuko wapi nikasema ana homa. Uongo ule niliusema mbele ya jeneza la watani, na nilijua utanifuata.

Ulinifuata Jumatano moja mchana, wiki ya mwisho ya likizo. Mdogo wake marehemu, bibi mwembamba mwenye sauti ya parapanda, alishuka kwenye bodaboda pale njiani na kabla hajafika uani akaanza.

"Hodi kwenye nyumba ya wezi!"

"Karibu, mtani," nikasema.

"Sikaribii. Nimemfuata mwizi wangu. Yuko?"

"Mwizi gani tena, mtani wangu?"

"Aliyeiba kiroba cha dada yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu alikuwa kwenye pipa, ana ndoo mkononi. Nikamkonyeza yule mtani, nikamfanyia ishara, nikakohoa. Alinipita kama anayepita mti.

"Ni wewe? Mkubwa hivi! Serikali inakulisha, inakuvisha kofia, unaingia nyumba ya watu, unamwacha mwenye nyumba, unabeba mbegu! Dada yangu alikuwa mzito, ee? Ulimpima ukaona kiroba kina nafuu?"

"Mtani, taratibu," nikasema.

"Wewe nyamaza, muongo wa homa. Nazungumza na mumeo."

Mume wangu akaweka ndoo chini. Uso wake ulikuwa umekauka. Nikajua sasa anaingia ndani, anachukua begi, na nimempoteza. Lakini akasimama. Akasema polepole, "Bibi, sikuiba. Nilidhani ni mtoto."

"Mtoto gani? Kwenye nyumba ile mtoto wa mwisho nilikuwa mimi, na nina wajukuu kumi na moja."

"Alimwita."

"Nani alimwita?"

"Yeye. Marehemu. Alimwita kwa jina."

Yule mtani akamsogelea. "Alimwita nani?"

"Mbeju."

Mimi nilisikia, na akili yangu ikasimama. Mwenzangu naye nikamwona mdomo umebaki wazi. Mume wangu hakutuona. Mlango ulikuwa umeshafunguka, maneno yanatoka yenyewe.

"Alikuwa amekaa chini, karibu na ukuta. Nikamwambia mama, nishike shingoni. Akanisukuma. Akasema Mbeju! Mbeju! ananionyesha kwa mkono. Nikamwuliza, Mbeju yuko wapi? Akaonyesha pale pale. Moshi, sioni. Nikapapasa nikashika mtu kafungwa kwenye khanga, kama mtoto wa mgongoni. Sisi tumefundishwa mtoto kwanza. Nikamwambia, nampeleka Mbeju, nakurudia wewe. Akaitikia ee. Nimeuliza Matambarale yote. Hakuna mtoto anaitwa Mbeju. Nimeuliza shuleni. Nikasema labda alikuwa mgeni. Labda nilishika kiroba na mtoto alikuwa pembeni yake. Labda bado yuko pale chini, hatukumpata. Bibi, kila nikifumba macho namtafuta huyo mtoto."

Wiki tatu na zaidi. Wiki tatu na zaidi amelala chumba cha pili, ukuta mmoja na mimi, anamtafuta mtoto, na mimi nimekaa na jibu mdomoni. Kiyao nimekisikia tangu kisimani nikiwa msichana. Angenitajia neno lile mara moja tu ningemjibu huku napepeta. Lakini sikumwuliza. Nilikuwa nashughulika na kuita chai ina homa.

Mtani wangu alikaa chini, uani, kwenye vumbi. Nikadhani kaanguka. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka khanga ikamtoka kichwani, alicheka huku machozi yanamshuka, anapiga ardhi kwa kiganja.

"Mbeju! Yallah! Mtani, mbeju ni mbegu! Mbegu! Mtoto kwetu ni mwanache. Mbeju ni mbegu, mahindi, mbaazi! Herufi moja, baba, herufi moja tu!"

Mume wangu akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. "Ni kweli, mume wangu."

"Kwa hiyo hakukuwa na mtoto."

"Hakukuwa."

"Dada yangu alikutuma," mtani akasema, anajifuta. "Na wewe ukatumika. Ndiye huyo! Ndiye mwenyewe! Siku yangu ya harusi, gari linasubiri, yeye ananituma nikaangalie kama kuku wameingia kwenye mbegu. Kazungukwa na moto, kaletewa mtu wa serikali, anamtuma!"

Ningependa kusema mume wangu alicheka hapo. Hakucheka. Alikasirika. Sijawahi kumwona vile. Akaipiga teke ndoo, maji yote yakamwagika.

"Amekufa kwa ajili ya mahindi?"

"Amekufa kwa sababu ana nyonga mbovu, na nyasi kavu, na upepo, na mjinga mmoja na kibiriti chake," mtani akamjibu, na sauti haikuwa ya utani tena. "Na mbegu zile ndizo walizopanda mama yetu na mama yake. Wewe kwako mahindi, kwake watu. Ungembeba kwa nguvu angekung'ata, namjua mimi. Ulimwambia utarudi?"

"Ndiyo."

"Ukarudi?"

"Paa lilianguka."

"Nimekuuliza, ukarudi?"

"Nilirudi."

"Basi."

Mume wangu akaegemea pipa akalia. Mimi nikainuka kwenda kumbembeleza, mtani akanishika mkono, ana vidole kama koleo. "Mwache. Na wewe mtani, ndivyo ulivyomfuga? Umemwatamia kama yai, mwisho ataviza." Akanusa hewa. "Na jikoni kwako mbona pamepoa? Nimetoka Matambarale tangu asubuhi, hata chai?"

Nikaanza kueleza kwamba tunapika kwa jirani. Akaelewa kabla sijamaliza, akaona hadi aibu kwa niaba yangu. Akamgeukia mume wangu.

"Hukuja kumzika dada yangu, unadaiwa faini ya utani. Kuku wenu wamekonda, siwataki. Utanipikia chai. Kwa moto. Sema moto."

"Moto," akasema.

"Haya."

Nikupe siri ya askari wa zimamoto: kuzima anajua, kuwasha hajui. Alipanga kuni kama anajenga choo. Njiti sita zilikatika, na ya saba ilipowaka akarudi nyuma hatua mbili akasimama. Sisi vizee wawili tulijifanya tunazungumzia bei ya ufuta. Baadaye akachuchumaa tena, akapuliza. Moshi ukamjaa machoni. Chai ilitoka nzito, ina majivu, na mtani akainywa vikombe viwili huku anaitukana.

"Jumamosi arobaini," akasema akiondoka. "Wewe ndiye utakayemvaa."

"Mimi simjui," mume wangu akasema. "Nilikuwa naye dakika mbili."

"Dakika mbili zenyewe ndizo sisi hatuna."

Jumamosi tukaenda. Walimvika ile khanga ya kiroba na blauzi ya marehemu iliyobaki kwa mdogo wake, haikupita mabegani, ikapasuka kwapani, watoto wakaanza kucheka hapo hapo. Akafundishwa kuchechemea. Akachechemea hadi katikati ya uwanja, akakaa chini, akasukuma mtu asiyeonekana, akanyoosha mkono, akapiga kelele kwa sauti ya kizee: "Mbeju! Mbeju!" Kisha bibi mmoja wa nyuma akapiga ukelele, "Ndiye! Ndiye mwenyewe!" na uwanja ukapasuka.

Si wote waliocheka. Mtoto mkubwa wa marehemu, mwanamume mtu mzima, aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Mume wangu akamfuata na ile blauzi yake iliyopasuka. Walikaa huko muda mrefu. Walichozungumza sikukijua, ingawa nilisogea kadiri adabu inavyoruhusu, na kidogo zaidi.

Mbegu tuligawana siku hiyo. Mimi nilipata bakuli moja. Watu wa hadithi wangekuambia ziliota zote. Zangu ziliota nusu, nadhani joto lile lilizipata, na katika hiyo nusu ng'ombe wa yule mama Msukuma walikula robo, tukagombana, tukapatana.

Jumapili jioni aliniomba barua yake. Nilikuwa nimeificha kwenye debe la unga. Akaipangusa, akanitazama kwa jicho ambalo sitaki kulirudia, akaitia begini. Kwa hiyo Jumatatu aliondoka nayo, na mimi nilikaa siku mbili sijui kama ameitoa au la, silali, nimekuwa mimi sasa wa kujaza maji. Siku ya tatu akanipigia, yuko zamu, analalamika buti zimemkaza. Barua sijaiuliza mpaka leo.

Sisemi kwamba amepona. Wiki za mwanzo alikuwa anaosha gari tu na kukaa mezani. Kwa yule dada wa ushauri alirudi mwenyewe, na safari hii hakusema yuko poa, maana aliporudi alilala usingizi kutwa. Mpaka sasa akija kwangu pipa linajaa. Mabua yakichomwa ng'ambo anasimama, anatazama upepo unakoelekea, chakula kinapoa.

Lakini ana jambo jipya. Zamani wakitumwa vijijini kufundisha watu habari za moto, alikuwa anasoma karatasi, wazee wanasinzia. Sasa anaanza na yeye mwenyewe: jamani, mimi ndiye niliyeokoa kiroba. Kijiji cha Marambo watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akaomba radhi. Kisha wakamsikiliza saa nzima, siku gani ya kuchoma na siku gani ya kuacha. Na ana daftari. Anaandika maneno: mtoto, mgonjwa, ndani, siwezi kutembea. Kwa Kimwera, Kiyao, Kimakonde, Kimakua. Kwa Kisukuma alimwendea yule mama wa maziwa, ambaye sasa anajua kwamba sikuchanganyikiwa, ila haamini sana. Wenzake kituoni walimcheka, wakamwita profesa, halafu mmoja mmoja wakaanza kuazima daftari.

Juzi alinipigia mchana napepeta mbaazi.

"Bibi, mtu akisema amenaswa mguu, kwa Kimwera anasemaje?"

Nikamwambia. Akalirudia vibaya.

"Hapo umesema una mimba, mume wangu."

Akalirudia tena. Nikamsahihisha. Akalirudia mara ya tatu, likakaribia, na kule kwake kengele ikalia. "Bibi, natoka," akasema, akaitia simu mfukoni bila kuikata. Nikasikia buti zinakimbia. Nikasikia mlango wa gari, na wenzake wanagombana nani kakalia kofia ya mwenziwe, na yeye katikati yao anaendelea kulisema lile neno, chini chini, analirudia, mpaka gari likafika pale mtandao unapokatika.